Testa, mita, kidude cha Bluetooth au mashine ya fundi: uanze na ipi kabla hujanunua spea ya umeme

Gari ikianza visa vya umeme wengi wetu tunajua mlolongo wake. Unapeleka gereji, fundi anasikiliza kidogo, anagonga gonga teminali za betri, anakwambia "bosi hii altaneta imekufa", hao mnaenda Gerezani ama Shaurimoyo pale Dar kutafuta used, na spea ya umeme ukishaifunga ndo imetoka hiyo, muuzaji harudishi hela hata iweje, atakwambia umeiunguza mwenyewe. Nairobi pale Kirinyaga Road ni hivo hivo. Na mara kibao altaneta yenyewe, ile inayochaji betri, ilikuwa nzima, kilichokufa ni fyuzi, au waya wa eathi (wa hasi) uliooza, au mkanda umelegea tu unateleza.

Sasa za kupimia ziko njia kadhaa na kila moja ina watu wanaoiapia. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili usome ukijua nimeegemea wapi: kama hela yako inatosha kitu kimoja nunua mita. Cha pili testa ya balbu. Kidude cha Bluetooth cha kusoma hitilafu za gari kinakuja cha tatu, japo ndo watu wanakikimbilia cha kwanza sababu kinaunganishwa na simu na kinaonekana cha kitaalamu. Mashine kubwa ya fundi ya kusoma kompyuta za gari usinunue kabisa, lipia upimiwe siku inapohitajika.

Testa na mita

Testa ninayoisema ni ile yenye ncha kama sindano, ndani ina kabalbu, mkiani waya wenye kibanio. Unabana hasi, unagusa unapotaka, ikiwaka umeme upo. Bei yake haizidi lita chache za petroli. Mita ni ile ya digito, mtaani nyingi ni zile za njano DT-830 ambazo kila duka la umeme linazo.

Watu hudhani mita inaizidi testa kila mahali kwa vile inatoa namba. Hapana. Mita haivuti umeme, inachungulia tu, kwa hiyo waya uliooza kwa ndani na kujaa ile kutu ya kijani, ambao hauna nguvu hata ya kuwasha taa ya breki, mita itakusomea 12 na pointi zake kama kawaida. Wewe unaona umeme unafika unasema basi mota ya kioo ndo imekufa, unaenda kununua mota, unafunga, kioo hakipandi. Balbu ya testa inavuta umeme kidogo, kwa hiyo kwenye waya wa namna hiyo itawaka hafifu au itagoma, na jibu umeshapata. Kwa vitu vinavyokula umeme mwingi kama feni ya rejeta au pampu ya mafuta hata testa ni ndogo, hapo mafundi wazoefu wanachukua balbu ya taa kubwa, H4 ya wati 55, wanaunga nyaya mbili, wanaichomeka kwenye plagi ya feni. Balbu hiyo inavuta zaidi ya ampea 4. Ikiwaka kwa nguvu zote waya ni mzima, feni ndo mbovu, kanunue feni. Ikiwaka njano njano usinunue kitu, fuata waya.

Watu wa pwani hili liwakae kichwani kuliko wa bara. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, chumvi ya hewani inaingia kwenye plagi na kwenye eathi taratibu, nje waya unaonekana mzuri kabisa ukiuchuna ndani ni unga wa kijani.

Testa inapozidiwa ni kwenye namba. Haijui tofauti ya betri yenye 12.6 na yenye 11.9, zote inawaka tu. Sensa nyingi za injini zinatumia volti 5 na hapo testa haikwambii la maana, tena unaweza kuleta hasara, mana balbu inavuta umeme kwenye njia za kontrol boksi (kompyuta ya injini) ambazo hazikutengenezwa kubeba huo mzigo. Kwenye nyaya za sensa na kontrol boksi tumia mita, testa iache mfukoni. Na zile plagi za njano za eabegi usiguse na testa wala usipime omu (ukinzani) na mita, zinaweza kulipuka usoni kwako. Hata fundi anayejua kazi anatoa teminali ya betri kwanza na kusubiri, Toyota wanasema sekunde 90, ndo ashike chochote cha eabegi.

Kwa hiyo: taa, honi, vioo, soketi ya kuchajia, fyuzi, kitu chochote cha ipo haipo, testa ni haraka na haidanganyi. Mfano fyuzi, huna haja ya kuzichomoa moja moja, fungua funguo ON, gusa vile vitobo viwili vya juu ya fyuzi, pande zote zikiwaka ni nzima, upande mmoja ukiwaka mwingine haiwaki imekatika. Dakika chache umemaliza boksi zima.

Betri, altaneta ama stata

Hapa ndo mita inajilipa yenyewe, mana hizi tatu ndo zinaongoza kwa kusingiziana.

Weka mita kwenye volti 20 za DC. Asubuhi kabla hujawasha gari soma betri: 12.6 kwenda juu imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 kushuka hiyo ni tupu hata kama redio inapiga. Ikiwa imelala usiku na 12.6 na asubuhi bado 12.6 ila stata inazunguka kwa uvivu, mwambie mtu apige stata huku unaangalia mita. Ikishuka mpaka 8 au 7, na betri ilikuwa imejaa, basi betri imechoka ndani, ina volti haina nguvu. Ikibaki juu ya 10 na stata bado inasuasua, betri haina kosa, twende kwenye nyaya na stata yenyewe.

Usikimbilie stata lakini. Kuna kipimo kimoja ambacho gereji nyingi hawakifanyi na kinaokoa hela nyingi kuliko vyote. Ncha nyeusi ya mita iguse ile nguzo ya risasi ya hasi ya betri, nguzo yenyewe sio kibanio kilichoikumbatia, ncha nyekundu iguse chuma cheupe cha injini mahali hapana rangi. Mtu apige stata. Mita inatakiwa isome karibu na sifuri, 0.1, 0.2. Ukiona 1 au zaidi maana yake umeme unapotelea njiani kwenye waya wa eathi na stata inapata makombo. Noah ya jirani ilishabadilishwa stata, ikarudishwa gereji nyingine wakasema stata waliyofunga ni mbovu, pima hivi mita ikasoma 2 na kitu, waya wa eathi wa injini ulikuwa umeoza pale kwenye boliti. Waya mpya, boliti ikapigwa msasa, mpaka leo inawaka kwa mguso mmoja. Upande wa chanya fanya hivo hivo, nguzo ya chanya ya betri mpaka boliti kubwa ya stata, ikizidi nusu volti kuna tatizo la waya au la teminali.

Sasa altaneta. Injini ikiwa inaunguruma betri isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Washa taa kubwa, feni ya AC, hita ya kioo cha nyuma, vyote, ikishuka kidogo afu ikajishikilia juu ya 13 iko vizuri. (Gari za miaka ya karibuni kompyuta inapunguza chaji makusudi, kwa hiyo ukiona 12.8 kwenye gari mpya mpya washa mizigo kwanza uone kama itapanda.) Ikikaa 12.3 na inazidi kushuka haichaji, lakini haichaji sio sawa na altaneta imekufa, naomba hapa tuelewane. Kagua mkanda. Kagua ile fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT karibu na betri. Chomoa plagi ya altaneta, kwenye Toyota nyingi ina nyaya tatu, na angalau mbili inabidi ziwe na umeme funguo ikiwa ON, na ile ya tatu ndo inaenda kwenye taa ya betri ya dashibodi. Ukiweka funguo ON na ile taa nyekundu ya betri haiwaki kabisa kabla hujapiga stata, hapo shaka iwe kwenye waya huo au fyuzi. Kuna Toyota za zamani fyuzi iliyoandikwa GAUGE ikikata, geji zinalala na altaneta inaacha kuchaji. Fyuzi ya hela ndogo inamuuzia mtu altaneta nzima.

Ikipanda juu ya 15 hiyo ni katauti, kile kinachodhibiti chaji ya altaneta, na katauti, brashi na daiodi vinauzwa peke yake, mafundi wa kufungua altaneta wapo wengi tu na wanazifufua vizuri. Kwa maoni yangu altaneta yako ya asili iliyobadilishwa brashi ni bora kuliko used usiyojua imetoka kwenye gari iliyozama wapi. Daiodi mbovu unaijua kwa kupima AC kwenye betri injini ikiwaka, ikizidi nusu volti kuna daiodi imeondoka. Hili DT-830 haliwezi, AC yake inaanzia 200 na inachanganywa na DC, kwa hiyo kama utapenda hii kazi baadae nunua mita nzuri kidogo yenye kujichagulia yenyewe.

Na hiyo DT-830 iangalie vizuri pale kwenye tundu la 10A, imeandikwa UNFUSED. Maana yake haina fyuzi ndani. Ukisahau waya kwenye lile tundu afu ukagusa betri kama unapima volti, umeshaunganisha chanya na hasi moja kwa moja, cheche, waya unayeyuka mkononi. Pia betri yake ndogo ya ndani ikichoka inasoma juu kuliko ukweli, betri ya gari itasoma 13.4 imezimwa, usishangae muujiza, badilisha ile ya 9V.

Betri inayokufa ikilala

Hii nayo ina washindani wake. Njia ya gereji ni kutoa teminali usiku, ambayo haitibu kitu. Njia ya pili ni mita kwenye 10A, unaiweka katikati ya nguzo ya hasi na waya wake, funguo umetoa, milango umefunga, unasubiri nusu saa au zaidi mana vikompyuta vya gari vinachelewa kulala. Ikitulia chini ya 0.05 gari iko sawa. Usipige stata mita ikiwa imekaa hapo hata kwa bahati mbaya, stata inavuta zaidi ya ampea mia. Njia ya tatu ni klempu ya DC, unabana tu waya bila kufungua chochote, ni nzuri sana ila bei imechangamka na lazima iwe ya DC, zile nyingi za mafundi umeme wa nyumba ni za AC peke yake hazitasoma kitu.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya nne, bila kufungua teminali. Mita kwenye milivolti, gusa vile vitobo viwili vya juu ya kila fyuzi kwa pamoja. Fyuzi isiyopitisha umeme inasoma sifuri. Ukiipata inayosoma hata milivolti moja mbili, kwenye hiyo kuna kitu kinakula usiku. Uzuri wake hujachomoa fyuzi, mana ukichomoa na kurudisha unaviamsha vikompyuta upya na hesabu inaharibika.

Hesabu yenyewe sio ngumu: betri ya NS40 ya gari ndogo ina kama ampea 35 za saa moja, kitu kikila nusu ampea mfululizo, siku moja na nusu imeshafika nusu na siku ya tatu hamna kitu. Ndo mana mtu anasema "gari nikiiacha wikendi haiwaki" na kila Jumatatu anafikiria kununua betri. Wa kuwatilia shaka kwanza ni vitu vilivyofungwa mtaani, alamu, redio ya Android, trakka, spotilaiti za LED, nyaya zimesokotwa kwa vidole na kufungwa selotepu. Kale kadude ka ETC, ka kulipia barabara kule Japani, kanakoongea Kijapani kila ukiwasha gari wengi wanakashuku ila huwa hakana makosa, kanaudhi tu.

Kidude cha Bluetooth na mashine kubwa

Kidude cha ELM327 kinachomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, unapakua programu ya Torque au Car Scanner kwenye simu, unasoma kodi, yaani namba za hitilafu. Ni kizuri. Shida ni kwamba watu wanakiona kama nabii.

Kodi haisemi kipuri kipi kimekufa, inasema njia ipi imelalamika. P0335 watu wanasoma "sensa ya krenki" wanaenda dukani, wakati maandishi yenyewe yanasema saketi ya sensa ya krenki, na saketi ni sensa, plagi, nyaya zake, na kontrol boksi upande wa pili. Panya akikata waya kodi ni hiyo hiyo. P0135 ni hita ya sensa ya oksijeni, kabla ya kununua sensa angalia fyuzi yake, afu pima omu kwenye zile nyaya mbili za hita zenye rangi moja: omu chache mpaka kumi na kitu ni nzima, ikisoma imekatika kabisa ndo ununue. Kwa hiyo kidude bila mita ni nusu ya kipimo. Mita bila kidude unaweza kusogea mbali sana kwenye taa, chaji na stata, ila taa ya cheki injini ikiwaka huna pa kuanzia. Ndo mana nasema wanafuatana, hawashindani sana.

Halafu swali la muhimu kwa gari zetu za kutoka Japani: kitasoma? Marekani OBD2, kile kiwango cha pamoja cha kusoma hitilafu, ni lazima tangu modeli za 1996, Ulaya petroli tangu 2001, lakini Japani kiwango chao kimekuja kubana magari mapya mwaka 2008. Kwa hiyo IST ya 2003, Spacio, Premio za mwanzo, soketi ipo ya pini 16 umbo lile lile, unachomeka, kidude kinawaka taa, simu inasema haiwezi kuunganisha na gari. Kidude sio kibovu, gari inaongea lugha yake. Zingine zinakubali ukichagua Toyota JDM (za soko la Japani) kwenye mipangilio ya programu, zingine zinakataa katakata, na hapo mashine kubwa inashinda bila ubishi. Kikikataa hata kuwaka taa yake, hiyo ni habari nyingine, pini namba 16 ya soketi inatakiwa iwe na umeme wa betri muda wote na namba 4 na 5 ni eathi, kuna fyuzi imekata, na kwenye gari nyingi ni fyuzi moja na soketi ya kuwashia sigara.

Wenye iPhone kuweni makini, vidude vingi vya bei rahisi vya Bluetooth haviongei na iPhone, chukua cha WiFi au cha Bluetooth ya nishati ndogo. Na vingi ni kopi ya kopi, vinaandikwa v2.1 lakini ndani amri zingine hazipo. Usikiache kimechomekwa usiku, nacho kinakula betri.

Mashine kubwa, Launch na Autel na wenzake, inasoma ABS, eabegi, gia boksi, mwili mzima. Ila faida yake kubwa wala sio kusoma kodi, ni kuamrisha. Fundi anaweza kubonyeza na feni ikazunguka, pampu ya mafuta ikalia, bila kusubiri injini ipate moto. Ukilipia kupimiwa mwambie afanye hivyo. Feni ikizunguka kwa amri ya mashine basi feni, relei (swichi yake ya umeme) na nyaya zake ni nzima, anayekuibia ni sensa ya joto au waya wake, na hapo umekwepa kununua feni. Wengi wanalipa hela ya mashine wanapewa karatasi ya kodi wanaondoka, hiyo hela ungeitumia kununua kidude.

Na hakikisha unapiga picha skrini kabla fundi hajafuta kodi. Akifuta, na ile picha ya hali ya injini wakati hitilafu inatokea, joto, mzunguko, spidi, inaondoka nayo.

Kuhamisha, kipimo cha bure

Kabla hujalipa popote kuna vitu unaweza kuhamisha tu. Relei ya honi na ya feni kwenye gari nyingi ni pacha, linganisha namba juu yake, zibadilishane, tatizo likihama umepata. Koili za plagi za moto kwenye injini za Toyota kama 1NZ au 2NZ ni nne zinazofanana, ukiona P0301, yaani silinda ya kwanza inakosa moto, toa koili ya 1 peleka ya 3 na ya 3 lete 1, futa kodi, zunguka mtaa. Ikirudi P0303 koili ndo mbaya, nunua moja, moja tu, achana na anayekwambia "zibadilishe zote nne mkuu ili usirudi". Ikibaki P0301 hamisha na plagi ya moto, ikigoma nayo ndo uende kwenye waya, nozeli, kompresheni.

Kontrol boksi haihamishwi kienyeji hivyo. Gari yenye imobilaiza ukiazima ya mwenzako haiwaki sababu haiitambui funguo, afu mnaishia kusema na ya pili ni mbovu.

Ujipimie au umpe fundi

Kama tatizo lipo muda wote, liko pale pale, jipimie, hata usipolitibu utaenda gereji na namba mkononi na maongezi yanabadilika kabisa. Jaribu kumwambia fundi "betri 12.6, nikipiga stata inashuka 10.8, eathi inapoteza 1.4", hakuna atakayekuuzia altaneta siku hiyo. Kama tatizo linakuja na kuondoka, gari inazima kwenye foleni Ubungo afu ikipoa inawaka, au kuna waya unapiga shoti ndani ya dashibodi, tafuta fundi umeme wa magari, sio fundi injini mwenye testa. Mzuri unamjua mapema: anauliza ilianza lini, ulifunga nini karibuni, anashika testa kabla hajashika spana. Anayeanza na "kontrol boksi imekufa" kabla hajapima umeme na eathi zinazoingia kwenye hiyo kontrol boksi, mshukuru, washa gari kama inawaka uondoke. Na anayerudisha fyuzi kwa kuzungushia waya usimwachie funguo. Fyuzi ikikata mara mbili kuna shoti, waya ule utashika moto badala ya fyuzi.

Makubaliano mazuri ni kulipia kupima peke yake na spea peke yake. Mafundi wengi hawajazoea wanasema kupima bure, kumbe bure hiyo inafidiwa kwenye spea. Lipa ya kupima kwa roho safi, mwambie "fundi nataka nione spea ikifeli kwenye mita mbele yangu", anayejua kazi yake hatakasirika.

Wenye haibridi

Aqua na Prius hapa zimejaa sasa na hizi usizichukulie kama IST. Nyaya za rangi ya chungwa usiguse na DT-830 wala na kitu kingine, betri kubwa ya Prius ya kizazi cha tatu ni volti 201.6, Aqua ya kizazi cha kwanza ni 144, na kwenye inveta inapandishwa zaidi ya hapo. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye glovu na mafunzo, mashine kubwa ni lazima, mjadala hamna.

Lakini ndani ya gari hiyo hiyo kuna betri ndogo ya kawaida ya volti 12, kwenye Prius iko nyuma kulia kwenye buti, kwenye Aqua chini ya siti ya nyuma, na hiyo unaruhusiwa kabisa kuipima. Ikichoka, dashibodi inawaka taa zote kama mti wa Krismasi, gari haingii READY (hali ya kuwa tayari kutembea), na mtu anaambiwa betri kubwa imekufa, bei ambayo inamfanya afikirie kuuza gari. Prius huhitaji hata kufungua buti, ndani ya boksi la fyuzi chini ya boneti kuna teminali yenye kifuniko chekundu, soma pale na eathi ya bodi. Chini ya 12 ichaji ama ibadilishe kwanza. Halafu ikiwa READY isome tena, haibridi hazina altaneta ila bado inabidi uone 13.8 mpaka 14 na kitu, ukiona hivyo na taa bado zinawaka ndo sasa utafute mwenye mashine asome betri kubwa, kundi kwa kundi la seli.